Mwito kwa Malenga

Bao huchezwa na watu wawili wanaotazamana. Kuvuta kamba kunataka vikundi viwili vilivyosimama uwanja mmoja. Lakini upo mchezo ambao wachezaji wake hawakai pamoja, na pengine hawajapata kuonana maishani, ingawa kila mmoja huijua sauti ya mwenzake kama aijuavyo sauti ya jirani. Huo ni mchezo wa kujibizana kwa maandishi. Mmoja huanzisha neno, hulituma mbali, kisha hungoja. Mwingine hulipokea, huongeza lake, naye hulituma. Neno hukua hivyo mikononi mwa wengi mpaka likawa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukitunga peke yake.

Nimesukumwa kuandika habari hizi kwa sababu mchezo huo umerudi kwa sura nyingine. Vijana wetu wenye simu hubuni nchi isiyokuwapo, yenye wafalme, majini na mapango, kisha hutafuta wenzao wa kuingia humo. Kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni, awe askari, mganga au mwizi, na hadithi huendelezwa kwa zamu, kila mtu akiandika sehemu yake. Mjukuu wangu mmoja, ambaye ni mpenzi mkubwa wa mchezo huo, aliniuliza kwa nini watu kumi hujiandikisha kwa shangwe, na baada ya wiki mbili wamebaki wawili. Nilimwambia kwamba swali hilo lina umri mkubwa kuliko simu yake. Wahariri wa magazeti ya Kiswahili walilijua, malenga walilijua, na sisi walimu wa shule za vijijini tulilijua vizuri sana.

Hata huko ng'ambo mchezo wenyewe ulianzia kwenye bahasha na stempu. Watu wa Ulaya walicheza sataranji kwa barua tangu zamani, hatua moja kwa barua moja, na mchezo mmoja uliweza kuchukua miaka. Mwaka 1963 Mmarekani John Boardman alianza kuendesha kwa posta mchezo uitwao Diplomacy, ambamo kila mchezaji hushika dola moja ya Ulaya na kuwaandikia wengine barua za urafiki na za hila. Mwaka 1970 Mmarekani mwingine, Rick Loomis, alianza kuendesha michezo ya posta, na baadaye kazi hiyo ikawa kampuni. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao uliwafundisha vijana kujivika utu wa kubuni na kwenda kupambana na majoka pasipo kuinuka kitini. Ndipo vitu hivyo viwili, barua na utu wa kubuni, vilipokutana. Hao ni wenzetu wa mbali. Sasa tutazame nyumbani.

Kwetu pwani kujibizana kwa mbali ni desturi ya kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alirushiana mashairi na watunzi wa Lamu na Pate wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama. Shairi lilisafiri kwa jahazi, na jawabu likarudi kwa jahazi. Kisiwani Pemba, Kamange na Sarahani walijibizana hivyo hivyo, na mashairi yao yalichapishwa kitabuni Dar es Salaam mwaka 2011. Angalia, msomaji, jinsi adui alivyokuwa na faida katika mchezo huu. Muyaka asingekuwa Muyaka kama Lamu ingenyamaza. Anayerusha neno humhitaji wa kulidaka, hata kama mdakaji ana nia ya kulirudisha kwa nguvu zaidi.

Kuhusu kujivika utu mwingine, hilo nalo si jambo lililoletwa na simu. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilizuka pwani ya Kenya, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaenea miji mingi ya Tanganyika. Vyama vyake mashuhuri viliitwa Marini na Arinoti. Ndani ya beni watu walipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Mtu aliyekuwa karani au mpishi tangu asubuhi hadi alasiri, jioni alikuwa jenerali mwenye kofia na nishani, na wenzake walimpigia saluti. Vyama hivyo vilikuwa na matawi, na mwanachama aliyehamia mji mgeni aliweza kupata wa kumpokea. Serikali ya kikoloni ilikuna kichwa isijue kama ile ilikuwa ngoma au jeshi. Wenyewe walijua: ulikuwa mchezo, na ndani yake mtu alipata heshima ambayo kazi yake ya mchana haikumpa.

Hata hapa kwetu, mbali na bahari, mtu hakuhitaji kufundishwa maana ya kupokezana maneno. Wairaqw wana girayda, mashindano ya kuimba ambamo watu wawili hupokezana, kila mmoja akitafuta kumzidi mwenzake kwa werevu. Wana pia slufay, dua ndefu ya wazee, ambayo msemaji huinena na waliokusanyika huitikia. Mzee anenaye slufay bila waitikiaji ni mtu anayezungumza na upepo. Kwa hiyo Kiswahili cha magazeti kilipofika Mbulu kikiwa na mashairi ya kujibizana, lugha ilikuwa ngeni, lakini mwendo wake ulifahamika.

Kilicholeta mchezo huo bara ni gazeti. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwezi Januari 1923, likitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza. Ndani yake wasomaji walipewa nafasi ya mashairi. Nadhani wakubwa wa idara hawakutambua mara moja walichofungua. Mwalimu wa shule ya kijijini, karani wa boma, mpimaji wa ardhi na mganga wa zahanati waligundua kwamba wanaweza kuandika jambo, na likasomwa Tanga, Tabora, Songea na Bukoba kwa mwezi mmoja. Shaaban Robert alipitia humo. K.H.A. Akilimali, aliyejiita Snow-White, alipata humo jina ambalo wasomaji wengi walilijua kuliko walivyomjua mwenye jina. Baadaye yalikuja Mwafrika, Ngurumo na Uhuru, na kila moja lilikuwa na baraza lake la malenga. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ikawa na kipindi cha Malenga Wetu, ambacho sisi tusiopata gazeti kwa wakati tulikingojea tukiwa tumeizunguka redio moja ya betri.

Sasa nieleze jinsi mwito ulivyotolewa, maana hapo ndipo penye siri ya mchezo. Malenga aliyetaka wenzake hakuandika tu, "Karibuni tujibizane." Aliweka mambo manne. Kwanza alitaja wale anaowaita, mmoja mmoja, kwa majina yao au kwa lakabu, na miji wanakokaa. Mtu aliyeitwa kwa jina mbele ya nchi nzima alikuwa na kazi ngumu kunyamaza. Pili alileta jambo lenye kubishaniwa, au fumbo. Tatu alionyesha kwa shairi lake mwenyewe bahari na vina vinavyotakiwa, na mjibuji mwungwana aliingia kwa vina vile vile. Nne aliweka jina lake na sanduku lake la posta, ili ajulikane ni nani na yuko wapi. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaonyesha mfano huu niliojitungia kwa ajili ya ubao:

Natuma mwito kwa hima, malenga wa Tanzania,
Wa pwani na bara nzima, neno nawaulizia,
Kipi hupanda mlima, bila mguu kutia?
Ajuaye atasema, nami nitamsikia.

Mtoto yeyote wa Katesh aliyeamka mapema akautazama Mlima Hanang alijua jibu: ukungu. Lakini kulijua jibu ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kulirudisha kwa vina vya "ma" na "ia", mizani nane kila upande, na mwishoni kuongeza fumbo lake ili mchezo usifie mikononi mwake. Nilisisitiza hilo la mwisho. Mjibuji anayejibu na kufunga mlango ameua mchezo hata kama jibu lake ni sahihi.

Juu ya wote alikaa mhariri. Yeye alipokea bahasha, akachagua, akapanga nani atangulie na nani asubiri toleo lijalo, akakata matusi, na ugomvi ulipozidi akautangaza umefungwa. Hakuwa mchezaji, lakini bila yeye hapakuwa na mchezo. Nimeambiwa kwamba katika michezo ya vijana wa leo yuko mtu wa namna hiyo, anayeielezea nchi ya kubuni na kuamua upanga umempata nani. Basi naye ajue kwamba kiti chake kimekaliwa na watu wa maana kabla yake.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wapo waliokiona kitabu hicho kuwa pingu. Mimi niliyekipata nikiwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilikiona kuwa ufunguo. Hebu fikiri hali ya kijana kutoka Dongobesh au Haydom wakati huo. Lugha ya mama yake ni Kiiraqw, ambayo ni ya Kikushi na haina undugu na Kiswahili. Jirani yake Mbarabaig anasema Kidatooga, ambacho ni cha ukoo mwingine tena. Kiswahili amekipata shuleni. Akisimama mbele ya kijana wa Pangani katika mazungumzo ya barazani, atachekwa kabla hajamaliza sentensi. Lakini mizani ni mizani. Nane ni nane Pangani na nane Mbulu. Mwenye kujua sheria aliweza kuingia mchezoni kwa kalamu, na hakuna aliyesikia lafudhi yake. Sheria iliyoandikwa ndiyo inayompa mgeni nafasi, kwa kuwa sheria isiyoandikwa huijua mwenyeji peke yake.

Haikuwa rahisi hata hivyo. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na majina ya kwetu mengi huishia kwa konsonanti. Utaliweka wapi jina la Hanang katika mizani? Utaipatia kina gani Dongobesh? Tukawa tunaandika Hanangi, Dongobeshi, Haidomu. Mlima wetu wenye zaidi ya mita 3,400 ulilazimika kuazima irabu ili uingie katika shairi. Wazee wengine walikasirika. Mimi niliona kwamba mtu akialikwa harusini huvaa nguo ya harusi, kisha akirudi nyumbani huvaa yake. Hanang ilibaki Hanang.

Kulikuwa pia na tatizo la posta. Barua kutoka kwetu ilitoka kwa basi, kama basi lilikuwepo na kama barabara haikuwa tope. Wakati wa masika ya Machi na Aprili shairi lililojibu swali la Februari liliweza kufika watu wamekwisha kuhamia jambo lingine. Gazeti lenyewe lilitufikia likiwa limepita mikononi mwa dereva, karani na mwenye duka, na mara nyingine ukurasa wa mashairi ulikuwa umekwisha kufungia sukari. Hata hivyo watu waliandika. Niliwajua walimu waliokuwa na daftari maalum, wakinakili humo kila shairi lao kabla ya kulituma, na kuweka alama ya tiki pale lilipochapishwa. Tiki zilikuwa chache, na walizitazama mara nyingi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mchezo huu uliingia madarasani kwa jina la ngonjera. Aliyeuanzisha ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa karibu na Dodoma, mmoja wa viongozi wa chama cha washairi kilichoitwa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mnyampala alichukua majibizano ya malenga akayapa watu wa kuyasema mbele ya hadhira. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada yake, mwaka 1970 na 1971. Mwalimu Nyerere alikuwa amewaomba washairi waieleze siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na ngonjera zikawa chombo chake. Hapakuwa na shule ya msingi, kuanzia Mbulu hadi mwisho wa Hanang, isiyokuwa na kikundi cha ngonjera. Mgeni wa wilaya akifika, watoto walijipanga mistari miwili: mmoja ni Mkulima, mwingine ni Mvivu, mmoja ni Msomi, mwingine ni Mjinga, mmoja anataka kijiji, mwingine anang'ang'ania porini. Wanabishana kwa vina, na mwishoni yule mwenye mawazo ya zamani anakubali kwamba ameshindwa.

Hapo ndipo shida ya kupata wachezaji ilipojitokeza waziwazi. Kila mtoto alitaka kuwa Msomi. Kumpata Mjinga ilikuwa kazi. Tulitumia hila za kila namna: tulimpa Mjinga beti nyingi zaidi, tulimpa kofia ya kuchekesha, tulimwahidi kalamu. Mtoto ana akili, na alikwisha kuona kwamba mtu huyo amewekwa pale ili aanguke.

Nakumbuka mwaka 1978, katika shule moja ya Hanang ambako nilikuwa mwalimu. Tulikuwa tukijiandaa kwa siku ya wazazi, na mwalimu mwenzangu alikuwa ametunga ngonjera ya Mkulima na Mfugaji. Ilikuwa na vina safi. Mfugaji alitetea ng'ombe wake kwa beti tano dhaifu, kisha katika ubeti wa sita akatubu, akaahidi kuwapunguza na kulima. Watoto wa Kibarabaig shuleni walikuwa wachache, na mmoja wao, mvulana wa darasa la sita mwenye sauti nzuri, alichaguliwa kuwa Mfugaji. Alisoma karatasi yote kimya, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Haya maneno yote niyaseme mimi?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu, hiyo ndiyo zamu yako."

"Na mwisho nishindwe?"

"Ndivyo ngonjera ilivyoandikwa."

"Basi, Mwalimu, naomba apewe mwingine. Baba atakuwepo."

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa akinieleza jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kabisa. Baba yake angetembea kutoka mbali, avae shuka yake na kushika fimbo yake, ili aje kumwona mwanawe mwenyewe akisimama mbele ya watu kusema kwamba ng'ombe ni ujinga. Nilishauriana na mwenzangu, ambaye alikuwa mtu mwema na mpenda ushairi wa kweli. Tukamwita mvulana, tukamwambia: vina ni hivi, mizani ni nane kwa nane, andika majibu yako mwenyewe, na yakitimia utayasema. Tulimpa wiki moja.

Alileta beti tano. Mbili zilichechemea, tukazinyoosha pamoja. Tatu zilikuwa nzima. Humo Mfugaji alimwuliza Mkulima: plau yako inavutwa na nani? Samadi iliyonenepesha mahindi yako ilitoka zizi la nani? Maziwa aliyonywa mtoto wako alipougua yalinunuliwa wapi? Na katika ubeti wa mwisho aliuliza swali ambalo sisi walimu hatukuwa na jibu lake: nyika yote ikiwa shamba, mimi nichunge wapi? Kumbuka kwamba wakati huo mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalikuwa yakipanuka, na Wabarabaig walikuwa wakiyakosa malisho waliyoyategemea. Mtoto hakutaja Basotu. Hakuhitaji.

Siku ya wazazi ngonjera ilisemwa. Hakuna aliyetubu. Mkulima alijibu kwa nguvu, maana naye alikuwa na haki yake: ng'ombe walikuwa wameingia mashambani mwaka ule, na njaa haijui kubembelezwa. Ubeti wa mwisho waliusema wawili pamoja, na uliishia kwa swali. Watoto walipoinama na kuondoka, wazazi hawakupiga makofi mara moja. Walianza kubishana wao kwa wao, Kiiraqw huku, Kidatooga kule, Kiswahili katikati, na ubishi ule ukaendelea chini ya mti mpaka chakula kikapoa. Baba wa mvulana alinifuata baadaye. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, mtoto amesema." Kisha akaenda zake.

Mwaka uliofuata tulipotangaza kikundi cha ngonjera, hatukuhitaji kofia wala kalamu. Watoto wa wafugaji walijileta wenyewe, na baadhi yao hawakuwa wakifungua midomo darasani. Tangu hapo nikawa nauliza swali moja kabla ya kumwita mtu yeyote katika mchezo wa maneno: je, jibu lake linaweza kubadilisha mwisho? Ikiwa mwisho umekwisha kuandikwa, huyo hujamwita kucheza. Umemwita kupamba.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 nchi nzima ilikuwa na ubishi wa namna hii. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara, na jina la kitabu peke yake lilitosha kutangaza kwamba bara nako kuna watu. Wakongwe kama Saadani Kandoro walisimama imara kutetea vina na mizani, na malumbano yakajaza magazeti na vitabu kwa miaka mingi. Wengi huueleza mgogoro ule kama vita vya wazee na vijana. Mimi naona ulikuwa pia ubishi kuhusu lango: nani aingie, na kwa sharti gani. Kila upande ulikuwa na hoja. Vijana waliona lango ni jembamba. Wazee waliona kwamba ukuta ukibomolewa hakutakuwa na uwanja. Nami, niliyeingia kwa lango hilo hilo jembamba nikitokea Mbulu, siwezi kulidharau. Lakini ninalo deni pia kwa Kezilahabi, kwa kuwa yapo mambo ya kwetu ambayo hayakukubali kuazima irabu.

Kilichoudhoofisha mchezo hakikuwa mgogoro. Mgogoro uliunenepesha. Mchezo ulidhoofishwa na ukimya. Ngurumo lilikoma mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa na uhaba wa kila kitu, karatasi nazo ziliadimika. Mtu aliyetuma shairi na kungoja miezi mitatu bila kuliona, hakujua kama limepotea njiani, limekataliwa, au limekosa nafasi. Angekataliwa, angeandika lingine bora. Lakini kutojua humchosha mtu kuliko kukataliwa. Walimu niliowataja, wenye daftari za tiki, waliacha mmoja mmoja. Hawakugombana na mtu. Waliacha tu kununua stempu. Miaka ya 1990 magazeti yaliongezeka sana, lakini mengi yalipenda siasa na michezo ya mpira, na malenga walipewa pembe ndogo.

Kwa hiyo kwa wale wanaotaka kuwakusanya wenzao leo, iwe kwa ushairi, kwa hadithi ya majini na mapango, au kwa mchezo mwingine wowote wa maneno, historia yetu ina mashauri machache. Mwite mtu kwa jina, maana mwito wa wote ni mwito wa hakuna. Sheria ziwe fupi na ziandikwe, ili mgeni asimtegemee mwenyeji. Umpe kila mchezaji jambo la kutetea. Mshehereshaji au mhariri ajibu upesi, hata kama jibu lenyewe ni "bado". Na anayejibu aache mlango wazi kwa anayefuata. Wachezaji kumi wanaopungua hadi wawili si ajabu, kwa sababu hata Mambo Leo lilikuwa na wasomaji wengi na malenga wachache waliodumu. Wawili wanaojibizana kwa dhati wanatosha kuanza. Muyaka na Lamu hawakuhitaji zaidi.

Mkoa wetu wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, na watoto waliozaliwa pamoja nao wamekwisha kuwa watu wazima wanaoandika kwa vidole gumba haraka kuliko nilivyowahi kuandika kwa chaki. Ndani ya masanduku ya bati ya walimu waliostaafu, kuanzia Kainam hadi Endasak, zimo daftari zenye mashairi yaliyotumwa na hayakujibiwa. Panya wanazijua kuliko sisi. Naomba wenye masanduku hayo wayafungue, na vijana wazisome. Humo kuna mafumbo yaliyotegwa miaka hamsini iliyopita, na zamu ya kujibu bado haijapita.